Abiria Arobaini na Mmoja

Siku ya Jumanne, saa mbili na robo asubuhi, Sosthenes, stesheni masta wa Itewelo, alifuta ubao kwa kiganja cha mkono na kuandika kwa chaki kwamba treni ya Dar es Salaam ingefika saa nane mchana. Alipuliza vumbi la chaki lililobaki vidoleni, akarudi ofisini kwake. Abiria waliokuwa ukumbini walisoma ubao, wakavua viatu, wakajinyoosha juu ya magunia yao ya viazi. Itewelo ni stesheni ya tatu kutoka Mbeya mjini, na hakuna mtu aliyewahi kufika pale akitegemea kuondoka mapema.

Ilipofika saa tatu, mwanamke akatokea ukutani.

Alitokea upande wa mashariki, chini ya dirisha, akiwa na ukubwa wa mtu wa kawaida. Alikuwa wa udongo mwekundu, udongo mweupe na masizi, vitu vilevile ambavyo kina mama wa Mbeya na Iringa wamekuwa wakitumia tangu zamani kusiriba na kupamba nyumba zao. Kichwani alibeba karai la kokoto. Mzee mmoja aliyekuwa ameegemea ukuta huo alisogea pembeni ili asimharibie khanga, maana udongo ulikuwa bado mbichi. Saa tano mwanamke alitua karai chini, na abiria wakakubaliana kwamba amefanya vizuri, kwa sababu kokoto ni nzito na treni ilikuwa bado mbali.

Sosthenes alikuja kumtazama. Alikuwa mtu wa kanuni, na kanuni ya stesheni inasema kwamba yeyote anayekaa kwenye ukumbi wa kusubiria zaidi ya saa moja lazima aandikwe. Alifungua daftari la abiria wanaosubiri, akaandika: mwanamke, mmoja, mzigo, karai moja, anakokwenda, hajasema. Akagonga muhuri.

Hivyo ndivyo galari ya Itewelo, ukumbi wake wa picha, ilivyoanza. Wapo wanaosema ilianza baadaye, siku ilipowekewa fremu, lakini daftari lipo na tarehe inasomeka.

Baada ya hapo kila Jumanne treni ilipochelewa, mwanamke mwingine alitokea. Treni ilipofika kwa wakati, jambo lililotukia mara mbili, hakuna aliyetokea. Wote walikuwa wa udongo, na wote walikuja na zana za kazi: huyu nyundo, yule karai, mwingine ungo wa kuchekechea kokoto. Kila mmoja alifanya kazi yake siku mbili tatu hivi, akichungulia kulia na kushoto, na alipoona hakuna msimamizi aliweka zana chini. Baada ya miezi mitatu walikuwa wanasukana nywele. Mmoja alikuwa na mtoto mgongoni, na abiria walijifunza kushusha sauti mtoto anapolala.

Aliyewatazama zaidi kuliko wote alikuwa Severina, mfagizi wa stesheni. Alikuwa na miaka hamsini na tatu, na kila Jumanne, ukuta ulipoanza kulowa, aliacha alichokuwa anafanya na kwenda kusimama mbele yake. Mama yake aliitwa Rozalia. Reli ilipokuwa inajengwa, Rozalia alitoka Iringa kwenda kuvunja kokoto, akafia huko kwa homa, akazikwa kando ya njia mahali ambapo hakuna aliyepawekea alama. Severina alikuwa na miaka miwili. Alilelewa na shangazi yake kule Ipogolo, Iringa, na shangazi, kila alipoulizwa mama alifananaje, alijibu kwamba alikuwa mtu mzuri. Picha haikuwepo hata moja. Severina aliomba kazi stesheni kwa sababu hiyo tu, kuwa karibu na mahali mama yake alipokuwa, na kwa miaka ishirini na sita alikuwa amefagia ukumbi ule bila kumjua sura.

Basi kila uso ulipotokea, aliukagua. Alitafuta chochote cha kwake: pua, masikio, namna ya kusimama. Kisha alisema, "Karibu, mama," kwa sababu hata kama si mama yake alikuwa mama, akarudi kwenye ndoo yake.

Habari zikafika Mwanjelwa, Mbeya mjini. Watu wakaanza kuja Itewelo siku za Jumanne bila kusafiri popote, wamebeba chapati na chai kwenye chupa, wakitumaini treni itachelewa. Kwaya za Kilutheri na za Kikatoliki zilikuja kwa zamu. Kwaya ikiimba, wanawake wa ukutani walitikisa miguu, na vumbi jekundu lilidondoka sakafuni, na Severina alilifagia. Maharusi walikuja kupiga picha. Bwana harusi mmoja alilalamika kwamba katika picha zote, kina mama wa nyuma wanamwangalia bibi harusi na hakuna anayemwangalia yeye. Aliambiwa avumilie, ndoa ndiyo hiyo.

Kokila, ambaye Mwanjelwa nzima inamwita Mama Kartik, alikuwa na duka la vioo na fremu. Alikuja Jumanne ya kumi na moja, akazunguka ukumbi mara moja, akasema ni aibu watu wazima kukaa ukutani bila fremu. Alileta mafundi wawili na mbao za mninga. Wanawake walizipenda fremu. Walizitumia kama vizingiti, wakakaa juu yake na kuning'iniza miguu, na mmoja aliyekuwa na nyundo akaitundika kwenye kona ya fremu yake na hakuishika tena. Ni Mama Kartik aliyeandika neno Galari kwa rangi ya dhahabu juu ya mlango. Sosthenes alimruhusu kwa sharti kwamba neno Kusubiria libaki chini yake.

Jumanne ya ishirini na mbili alikuja afisa kutoka ofisi kuu, kijana anayeitwa Brayson, na gari lenye ndoo thelathini za rangi. Jubilei ya reli ilikuwa inakaribia. Agizo lilisema kumbi zote zipakwe kijivu kuanzia chini hadi kiunoni na rangi ya maziwa kuanzia kiunoni hadi juu. Severina alisimama mbele ya ukuta na ufagio. Sosthenes alimwomba asogee, akamfungulia Brayson daftari.

"Mheshimiwa, kanuni ya saba," alisema. "Ukumbi haupakwi rangi ukiwa na abiria."

Brayson alihesabu majina, au mahali ambapo majina yangekuwa, na akakuta muhuri kila mstari. Alikuwa mtu mwaminifu. Aliuliza kama abiria hawa wataondoka lini. Sosthenes akasema hilo linategemea treni. Brayson alipaka rangi choo, uzio, na jiwe la kumbukumbu lililo mbele ya stesheni, lenye majina ya wanaume kumi na mmoja waliojenga sehemu ile ya reli, kisha akanywa chai na Severina na kuondoka. Kabla hajaingia kwenye gari alirudi kumuaga yule mwenye mtoto.

Jumanne ya arobaini na mbili ilipofika, wanawake walikuwa arobaini. Baada ya hapo treni ikachelewa kwa saa tisa, na hakuna aliyetokea. Wiki iliyofuata ikachelewa kwa saa kumi na moja. Ukuta ulibaki mkavu. Kati ya dirisha na mlango wa nyuma palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, na wanawake wa pande zote mbili walikuwa wamejibana ili isizibwe. Severina alianza kula kidogo. Alimwambia Mama Kartik kwamba labda mama yake hakuwa mvunja kokoto kweli, labda shangazi alitunga tu ili mtoto awe na pa kuelekeza macho.

Mama Kartik alipiga picha nyuso zote kwa simu na kuzituma kwa kaka yake Vinubhai, mwenye duka la nguo Iringa mjini. Vinubhai alizichapisha na kuzibandika kwenye mlango wa duka. Siku ya tano mwanamke mmoja wa Idodi, Veneranda, alikuja kununua zipu na akajiona. Vinubhai alimuuliza kama picha imetoka vizuri. Veneranda akasema paji la uso wamelikuza mno, akauliza nauli ya kwenda Mbeya.

Alifika Itewelo siku ya Jumamosi, mwanamke wa miaka sitini na tisa, mwembamba, na kilemba cha bluu. Aliingia ukumbini bila kupiga hodi, akaenda ukutani.

"Kamwene," aliwasalimia kwa Kihehe.

Walijisogeza mbele kwenye fremu zao kama watu wanaotaka kusikia vizuri. Alipita mmoja mmoja akiwataja, na Sosthenes alimfuata na daftari akijaza majina. Alipomfikia msichana wa miaka kumi na saba mwenye ungo, alisimama kidogo.

"Huyu ni mimi," alisema. "Nilikuwa na nywele."

Akaendelea. Alipomaliza, Severina alimwamkia na kumuuliza swali ambalo alikuwa amelibeba tangu utotoni. Veneranda alimtazama kichwani hadi miguuni, akamshika kidevu na kumgeuza upande wa mwanga.

"Wewe ni wa Rozalia," alisema. "Tulikuwa arobaini na mmoja. Yeye ndiye hayupo hapa."

"Kwa nini hayupo, mama mdogo? Nimemsubiri mwaka mzima."

"Mwanangu, atatokaje? Yuko jikoni."

Akaeleza taratibu, kama mtu anayeeleza jambo ambalo kila mtu angepaswa kulijua. Kwao, wanawake wanapoitana kufanya kazi ya pamoja, iwe kulima au kusiriba nyumba ya mwenzao, mmoja anashika mwiko. Aliyeshika mwiko hatoki jikoni mpaka mtu wa nyumbani kwake amfuate na kuupokea. Akitoka kabla ya kupokewa, chakula kinalala na kazi inaharibika. Kambini zamu ya mwiko ilikuwa ya Rozalia siku homa ilipomwangusha. Alikufa kabla ya jioni, na hakuna mtu wa kwao aliyefika kuupokea. Wote waliokuja kwenye ukuta ule walikuwa wamekuja kazini, na wakati huu wote kuna mtu alikuwa anawapikia mahali fulani, akisikiliza kwaya kwa mbali.

"Na mmekaa nao mwaka mzima hamjawapa hata ugali," alimalizia, akiwatazama wote, pamoja na stesheni masta.

Watu wa Itewelo waliona haya. Walikuwa wamewapa wageni fremu, nyimbo na muhuri, wakasahau chakula.

Severina alikuwa tayari kuwasha moto siku hiyohiyo. Lakini kwenye mlango wa stesheni kulikuwa na tangazo la bati lililosema kupika ni marufuku, na Sosthenes alikuwa amelilinda tangazo hilo miaka kumi na minne. Alikwenda ofisini akajifungia na kitabu cha kanuni. Alitoka jua linazama, akasema kuna kanuni ya kumi na tisa: abiria wakicheleweshwa zaidi ya saa nne, stesheni masta anaweza kuruhusu wapikiwe chakula cha moto ndani ya stesheni. Haikuwahi kutumika kwa sababu hakuna aliyeisoma mpaka mwisho.

Tatizo lilikuwa moja. Ofisi kuu ilikuwa imetangaza kwamba injini mpya zinakuja, na kuanzia mwezi uliofuata treni zitafika kwa wakati. Jumanne moja tu ya zamani ilikuwa imebaki.

Jumanne hiyo ukumbi ulijaa hadi nje. Mama Kartik alileta kilo thelathini za unga wa sembe. Sufuria, ile inayotumika kwenye misiba na vipaimara, ilitoka kanisani. Maharage yalikuwa yameivia nyumbani kwa Severina na kuletwa kwa toroli. Jiko la mkaa liliwekwa katikati ya ukumbi bila kuwashwa, na Veneranda alikaa kando yake kwenye kigoda. Saa mbili, wakati wake wa kufika, treni haikuonekana, watu wakatabasamu. Saa nne haikuonekana. Saa tano wasafiri wa kweli, wale wenye tiketi, walikuwa wanawaombea wengine treni izidi kuchelewa, na padri mmoja aliyekuwa anakwenda Makambako alikiri kwamba naye ameomba.

Saa sita kasoro dakika kumi na mbili, honi ikasikika bondeni.

Severina alikuwa ameshika mwiko mkavu, na aliendelea kuushika. Nje ya stesheni, mita mia sita hivi, kuna mlingoti wa ishara, na mkono wake usiposhushwa dereva haruhusiwi kuingia. Wa kuushusha ni stesheni masta. Sosthenes alikuwa ameushusha kwa wakati kila siku ya kazi yake, na katika faili lake hakukuwa na karipio hata moja.

Alisimama mbele ya wenzo wa kuushushia mkono huo. Kisha akasema ana kiu.

Alikwenda kwenye mtungi ulio pembeni mwa ofisi, akachota maji, akanywa. Alikunywa polepole, kwa mikupuo midogo, kama daktari alivyowahi kumshauri. Honi ikalia tena. Aliosha kikombe. Alikifuta kwa leso yake ndani na nje. Honi ikalia mara tatu, na dereva akaonekana kwa mbali akitoa kichwa dirishani. Sosthenes alitazama saa ya ukutani hadi mshale mrefu ukapita juu kabisa na kuacha alama moja nyuma.

"Saa sita na dakika moja," alisema. "Kanuni ya kumi na tisa. Dada Severina, washa moto."

Ndipo akaushusha mkono wa ishara, akaenda kuandika kwenye faili lake, kwa mkono wake mwenyewe, karipio la kwanza.

Treni iliingia na hakuna aliyepanda. Waliokuwa ndani ya mabehewa waliona moshi na kusikia harufu ya maharage, wakashuka. Dereva alishuka akiwa amekasirika, akapewa sahani. Severina alimimina unga, akasonga. Ugali wa watu wengi ni mzito, na alipofika katikati jasho lilikuwa linamtiririka, na Veneranda alimwambia asiache, asigeuke, asibadilishane na mtu. Hakugeuka. Alisikia mwiko unakuwa mzito mkononi kwa namna nyingine, kama mtu wa upande wa pili anausukuma kuja kwake, kisha ukawa mwepesi.

Veneranda alipiga kigelegele kimoja kifupi.

Severina alimaliza kwanza kusonga, kwa sababu ugali hauachwi njiani. Alifunika sufuria. Ndipo akageuka.

Katika ile nafasi kati ya dirisha na mlango wa nyuma alikuwapo mwanamke wa miaka ishirini na minne, anajifuta mikono kwenye khanga. Udongo wake ulikuwa bado unang'aa. Alikuwa na mwanya kwenye meno ya juu, na Severina alipeleka kidole kwenye mwanya wa kwake. Alikuwa na bega moja juu kidogo ya jingine, kama Severina. Kuhusu uzuri, shangazi hakuwa amedanganya.

"Shikamoo, mama," alisema Severina, mwanamke mwenye mvi, kwa binti aliyezidiwa naye umri karibu miaka thelathini.

Rozalia hakuwa na sauti, hakuna kati yao aliyekuwa nayo. Lakini aliinamisha kichwa namna mtu anavyoitikia marahaba, na akapiga fremu ya pembeni yake kwa kiganja, kama anayemsogezea mtu nafasi. Severina akavuta benchi, akakaa hapo na sahani yake. Sahani nyingine arobaini na moja zilipangwa chini ya ukuta, na hadi mchana unakwisha zilikuwa tupu. Treni iliondoka saa tisa. Sosthenes aliandika sababu ya kuchelewa: chakula.

Wiki hiyohiyo yeye na Severina waliandikia ofisi kuu barua. Waliambatanisha majina arobaini na moja, yote na muhuri, wakaomba yaongezwe kwenye jiwe la mbele ya stesheni. Brayson aliipeleka barua mwenyewe, na inasemekana aliitetea kikaoni mpaka sauti ikamkauka. Majibu yalikuja baada ya miezi mitatu. Yalisema kumbukumbu zimepekuliwa na hakuna mwanamke yeyote aliyeajiriwa kuvunja kokoto katika sehemu ile. Kuhusu swali kokoto zilitoka wapi, ofisi ilijibu kwamba zilikuwepo tayari.

Sosthenes aliisoma barua kwa sauti ukumbini, kwa kuwa iliwahusu abiria. Wanawake walisikiliza. Wawili walikuwa katikati ya kusukana, wakaendelea. Siku ya jubilei, wageni rasmi walipiga makofi mbele ya jiwe lenye majina kumi na moja, kisha wakaingia ndani na kukaa mpaka jioni. Jiwe liko vilevile hadi leo. Injini mpya pia zilifika, zikiwa zimechelewa mwaka mmoja.

Kanuni ya kumi na tisa sasa inatumika kila wiki. Mama Kartik ameongeza fremu ya arobaini na moja, pana kuliko zote. Veneranda hakurudi Idodi ila kuchukua kuku wake, na asubuhi hukaa mkabala na yule msichana mwenye ungo, wakitazamana bila haraka.

Severina bado ni mfagizi. Jumanne moja ya mwezi uliopita alipiga deki ukumbi mzima kabla abiria hawajaanza kuingia, akakamua tambara, akabeba ndoo na kuelekea mlangoni. Hapo akageuka kumuaga mama yake. Rozalia alikuwa ameegemeza kidevu kwenye kiganja, na hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anatazama pembe iliyo nyuma ya benchi la tatu. Severina alirudi, akasogeza benchi, akaipiga deki pembe ile vizuri.